Viatu vya Karatasi vya Kemilembe

Singapore, Jumapili jioni.

Mvua imenyesha mchana kutwa, na sasa joto linapanda kutoka barabarani. Sina amani.

Huu ni mwezi wa nne tangu chama chetu cha ushirika kinilete hapa kujifunza kuonja kahawa na kuipanga madaraja. Bukoba walinisindikiza kwa hotuba ndefu, nenda ukajenge taifa. Hakuna aliyeniambia kwamba barua kutoka kijijini kwetu Kanazi ingenifikia baada ya wiki tatu.

Ya mwisho imefika Alhamisi. Mke wangu anaandika kwamba Kemilembe, binti yetu wa miaka minne, ana surua. "Hata ndizi, ekitoke cha kupondwa, hakimpiti kooni. Wewe soma, usihangaike." Nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo.

Leo nikajipa kazi ya kumtafutia zawadi, maana mtu hamnunulii zawadi mtoto ambaye hatapona. Ndivyo nilivyojidanganya. Tan, Mchina wa hapa ninayesoma naye, akanipeleka mtaa wa Wachina.

Jamani, ule mtaa! Bata wa kubanikwa wananing'inia kwa shingo, vyura hai wamejaa vikapuni, watu wanasukumana na kupigiana kelele hadi soko la Bukoba ukilikumbuka unaona limelala. Tan akasimama kununua sigara. Mimi nikaona duka la vitu vya karatasi: nyumba za ghorofa, magari, magauni, na viatu vidogo vyekundu vyenye maua. Vitu vya watoto kuchezea, nikasema moyoni. Nikaingia.

Mama mwenye duka hajui Kiingereza. Nikamwonyesha kwa mkono kimo cha Kemi, nikainua vidole vinne, huku nacheka. Akanitazama sana. Akaniongezea gauni na mbwa wa karatasi, akakataa pesa yangu, akanishika mkono. Nami, Mhaya na majivuno yangu, nikadhani nimempendeza.

Tan akaja, wakasemezana. Uso ukambadilika.

"Bwana Kamugisha," akasema, "mama anakupa pole. Anauliza mtoto amefariki lini."

Vile vitu huchomwa moto ili vimfikie marehemu. Kwetu hata mbao za jeneza hazipigwi randa mgonjwa akiwa bado anapumua. Na mimi nimemchukulia mwanangu viatu vya wafu, kwa kimo chake, nikicheka.

Sasa viko juu ya kitanda. Mimi ni Mlutheri, mambo haya siyaamini. Mbona basi siwezi kuvitupa? Nikivitupa jalalani naona kama namtupa yeye. Kuvichoma ndiyo kabisa sithubutu.

Ngoja niseme ukweli.

Sikuanza kuogopa leo dukani. Tangu Alhamisi napita mbele ya posta asubuhi na jioni, nageuza uso. Ningeweza kupeleka simu ya maandishi siku ileile. Sikupeleka, kwa sababu simu ikienda, jibu litakuja. Nisipouliza, Kemi yu hai. Na muda wote huo mama yake yuko peke yake na mgonjwa, hana hata neno moja kutoka kwangu.

Mwanamke asiyejua lugha yangu amenipa pole. Mimi mke wangu sijampa.

Kesho posta inafunguliwa saa mbili. Nitauliza.