Mwalimu Aliyelala Mezani

Ruiru,
9 Agosti 1958

Mpwa wangu mpendwa Opiyo,

Pokea salamu zetu. U hali gani huko Kampala? Kifua chako kimepona? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu.

Barua yako ya Aprili, iliyoeleza kwamba mnajifunza udaktari kwa kupasua miili ya marehemu, ilinikasirisha. Niliifungia ndani ya Biblia, nisikujibu. Nisamehe.

Mwezi wa Juni nilipasuliwa ngiri mjini Thika. Nilipopata nafuu nikamwuliza daktari, "Ulijuaje pa kukata, nawe hujawahi kuingia tumboni mwangu?" Akacheka, "Mzee, yupo marehemu mmoja aliyenifundisha."

Opiyo, nilitaka kuruka kitandani, nyuzi zikanizuia! Nilifundisha shuleni miaka thelathini na moja, nikadhani kazi imekwisha. Kumbe naweza kufundisha hata nikiisha kufa! Nimeamua: mwili wangu upewe chuo chenu.

Jirani yetu Bedan Waweru alipopata habari alipiga makofi. "Sisi Wakikuyu babu zetu tuliwaachia fisi bure, Mwalimu, na sijasikia fisi hata mmoja aliyepata udaktari!"

Mke wangu Wilkister hakucheka. "Na mimi nizike nini? Nizike tunda la yago, kama mke wa mtu aliyezama ziwani?" Unaijua desturi yetu: mwili usipopatikana, tunda hilo huzikwa mahali pake.

Ndipo nilipoifungua Biblia, nikamsomea ulipoandika kwamba masomo yakiisha mabaki huzikwa kwa sala. Akasikiliza, akauliza, "Na kabla ya kumkata, wanamsalimu?"

Nikaipekua barua yako yote; habari ya salamu sikuiona.

"Wewe uliyewachapa watoto wa watu kwa kuomba maji kabla ya kusalimu! Wakikusalimu kwa jina lako kila asubuhi, nitatia kidole kwenye hati yako ya kuutoa mwili. Wasipokusalimu, utalala kwetu."

Hati imo humu. Sahihi yangu ipo. Nafasi ya kidole chake ni tupu. Irudishe pamoja na jibu lako, la kweli, hata kama litanivunja moyo.

Mama yako Apiyo anakusalimu, na Bedan pia. Mungu auongoze mkono wako ushikapo kisu.

Nisalimie wenzako wote, na yule aliyelala juu ya meza yenu. Kama hamkuambiwa jina lake, mwiteni Mwalimu.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata ninapokukemea,
Jeconia