Neno la Kumwambia Mtoto wa Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Kaka karudi nyumbani kutoka hospitali. Tumembeba mimi na dereva wa teksi. Ukweli nimembeba peke yangu, dereva kashika mlango tu. Mwepesi! Kaka aliyekuwa akiingia mlangoni kwa ubavu, leo anabebeka kama godoro la mtoto. Ugonjwa wa koo umemla mpaka sauti. Akisema ni pumzi tu, uinamishe sikio.

Kabla ya kutoka daktari alituita kwenye korido, mimi na Dada mkubwa. Akasema wao wamefanya yao. Tumpe anachopenda. Asiachwe peke yake. Basi. Hakutaja neno lolote lenye ncha, nasi hatukuuliza. Dada akamshukuru, akakaza kilemba, akaanza kutembea haraka kama aliyeacha chungu motoni. Mtu mzima haelezwi zaidi ya hapo.

Jioni kikao sebuleni: Dada, Shemeji, mimi. Shemeji, mke wa Kaka, kasema mtoto lazima aitwe. Mtoto ni binti pekee wa Kaka, aliyezaliwa na kukulia ng'ambo kwa mama yake wa huko. Mama alishafariki. Binti lugha yetu haijui ila "asante", na hiyo yenyewe huitamka kama anayepiga chafya. Kila Jumapili alikuwa akiongea na baba yake kwa Kiingereza. Sasa baba hana sauti.

Nikashauri tumwandikie ujumbe, siku hizi simu zinatafsiri zenyewe. Dada akanikata kauli: habari ya mtu wa damu haiandikwi kama tangazo la kuuza kiwanja. Apigiwe. Asikie sauti ya ukoo.

Wakanigeukia. Nani mwingine? Ukoo mzima unajua Kiingereza ni changu. Si mimi niliyemfokea yule mzungu wa mitambo mbele ya jokofu la kiwanda cha barafu, akavua kofia? (Siku hizi nasema alivua kofia na koti.) Mtaa mzima wananiita Injinia, na injinia gani akose Kiingereza? Nikasema: kazi ndogo hiyo. Kesho asubuhi.

Hawajui kwamba kila Jumanne na Alhamisi nakwenda darasa la jioni la watu wazima. Si kwamba sijui! Naenda kunoa. Hata panga kali hunolewa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepiga. Kapokea mara moja, kacheka kwa furaha — Anko! Nikamwambia kwa Kiingereza kilichonyooka: baba yako hajisikii vizuri kidogo. Anakuulizia sana. Ukipata nafasi, ungekuja kumwona.

Sasa jamani. Mtoto wa kwetu ukimwambia maneno hayo, "anakuulizia sana", "ungekuja", hamalizi kusikiliza. Simu iko chini, anatafuta viatu huku analia. Mpaka jirani yake kashaelewa.

Huyu kasema pole, mwambie baba nampenda, anywe maji mengi. Atakuja mwezi wa saba, likizo. Ameshapanga.

Mwezi wa saba!

Nami nikasema nini? Nikasema okei, no problem. Kiingereza chote nilichonacho, kilichotoka ni no problem!

Nikaingia chumbani. Shemeji: anakuja? Anakuja. Lini? Karibuni. Kaka akafumba macho akatabasamu. Shemeji akaondoka palepale kwenda kutandika kitanda cha mgeni.

Jioni sikwenda darasani. Nimeshinda na jokofu la muuza nyama. Nimefungua, nimefunga, nimebaki na skrubu moja mkononi. Mimi! Skrubu! Muuza nyama kauliza hiyo ya wapi. Nikamwambia ni ya ziada, mafundi wa zamani walikuwa wanaweka nyingi kwa woga.

Alhamisi, 6 Machi

Darasa letu liko juu ya duka la balbu. Ngazi nyembamba, viti vya plastiki, feni inayozunguka kwa kulalamika. Mwalimu ni binti mdogo, ningeweza kumzaa, lakini akikutazama juu ya miwani unakumbuka makosa yako yote tangu utoto.

Nikamwambia, Mwalimu, hawa wenzangu wanahitaji maneno ya msiba. Mimi ninayo, nawasemea wao. Akasema wazo zuri. Akaandika ubaoni: die. Kila mtu atunge sentensi kuhusu mtu aliyemjua.

Hakuna aliyeligusa! Neno limekaa pale kama shimo katikati ya njia, tunalizunguka. Mpishi wa hoteli kaandika kwamba bibi yake alilala. Mwalimu: akaamka saa ngapi? Mama wa cherehani katafsiri "ametutoka" kipande kwa kipande. Mwalimu akauliza katoka kwa mlango upi. Mimi nikaandika kwamba babu yangu Mungu alimpenda zaidi. Mwalimu akasema hongera nyingi kwa babu.

Basi akatupa neno la adabu, pass away. Hapo tukalivamia kama wenye njaa! Kinyozi, rafiki yangu wa kiti cha jirani, alilipenda mpaka akamwandikia jogoo wake, kwamba naye ka-pass away Jumamosi. Na betri ya simu yake pia. Mwalimu akacheka hadi kuvua miwani. Nyinyi watu mna heshima, mpaka kuku! Kuku mpeni hili fupi. Kinyozi akanuna: jogoo wangu unamjua wewe?

Wengine walipotoka nikabaki nyuma. Nikauliza: na yule ambaye bado? Yuko njiani tu? Akaandika: is dying. Nikamwambia, Mwalimu, hilo kwetu ni kumchimbia mtu kaburi huku anakutazama. Hakuna njia ya uchochoroni? Akasema zipo. Lakini mtu aliyekulia kwenye lugha ile, ukimwambia baba anaumwa kidogo, atajua anaumwa kidogo. Atamtumia dawa ya kikohozi.

Kisha akaniuliza taratibu: ni nani, Mzee? Nikasema jirani. Akafuta ubao. Yale maneno mawili ya mwisho akayaacha.

Jumamosi, 8 Machi

Kaka kaniita kwa kidole. Nikainama. Ndege inatua lini? Nikaanza: unajua mambo ya viza, halafu majira haya angani kuna upepo —

Akanishika sikio. Haki ya Mungu, kanivuta sikio kama tulipokuwa wadogo, kwa vidole visivyoweza kushika kijiko! Akasema: mdogo wangu, uliwahi kuniambia umeua chatu kwa mwavuli. Nami nikakuamini, kwa sababu mwavuli ulikuwa umevunjika kweli. Sasa huyu mtoto umemwambia nini?

Nikamwambia. Yote, pamoja na no problem.

Akacheka, mabega tu, hakuna sauti. Nikafikiri atapaliwa. Kisha akasema: mwambie ninakufa. Hivyohivyo. Nikamwambia Kaka, usiseme hivyo, hilo ni neno la mbuzi. Akasema: na mimi hapa nimelala kama nani?

Sikujua Dada yuko mlangoni. Akanishika mkono mpaka uani. Usithubutu! Ndugu yako bado anapumua, wewe umtangaze? Maneno huumba! Au ukilitamka kwa Kiingereza ndiyo halifiki juu? Mtoto aambiwe baba anamhitaji, inatosha. Nikasema haitoshi, Dada, kule hawasikii tunavyosikia sisi. Akanikazia macho: si umesema anakuja?

Nimejifunga bao mwenyewe, golini hakuna wa kumlaumu.

Jumapili, 9 Machi

Siku yake ya kupiga. Simu ya Kaka ikaita, nikaidaka, nikatoka nayo barabarani. Nimejiandaa. Neno liko kwenye ncha ya ulimi. Akauliza baba anaendeleaje — na mimi nikaanza hadithi ya chatu! Kwa Kiingereza! Chatu, mwavuli, mto umefurika. Mto huo hata sijui ulitoka wapi. Binti kacheka mpaka anakohoa. Kasema mbona baba hajawahi kumsimulia. Nikasema atakusimulia.

Nimekata simu mimi. Yeye alikuwa bado anaongea.

Jumanne, 11 Machi

Darasani, watu wawili wawili, mazungumzo ya simu. Nikapangwa na Kinyozi. Nikamwambia wewe uwe mtoto wa kaka yangu, uko mbali. Akalegeza shingo, akatoa sauti nyembamba: Haloo, Ankooo! Darasa likavunjika mbavu. Nami nikacheka. Halafu nikalisema, kwa Kiingereza, lote kwa pumzi moja: baba yako anakufa, njoo sasa.

Ndiyo mara ya kwanza limetoka nje ya kichwa changu. Dari haikuanguka.

Kinyozi alishusha mkono aliokuwa ameufanya simu. Akasema kwa lugha yetu, kwa sauti yake ya kawaida: mimi kwa baba yangu walinipigia wakaniambia njoo, kuna kikao cha familia. Nikanunua shati la kikao. Njia nzima napanga hoja, nikijua ni mambo ya shamba. Nafika, nakuta viti vimepangwa uani mpaka barabarani. Na watu wananitazama shati.

Nikamuuliza, waliokuita unawalaumu? Akasema hajui, walimhurumia asije akapata ajali njiani. Lakini angejua mapema angepanda basi la juzi yake. Lile shati alilikatakata, likawa vitambaa vya kufutia wembe.

Mwalimu hakutusahihisha chochote. Nimerudi kwa miguu, na mvua inanyesha.

Jumatano, 12 Machi

Kaka hajala. Dada naye hajala. Shemeji kabadilisha shuka la kitanda cha mgeni, shuka ambalo hakuna aliyelilalia.

Dada kaniuliza tena ndege inafika lini. Nikasema naenda dukani kununua chumvi. Chumvi ipo tele jikoni. Nimesimama dukani mpaka mwenye duka akaniuliza kama kuna kitu nasubiri.

Nimekunywa maji, sioni kiu yangu iko wapi. Nakaa, nasimama. Kuna majokofu mawili ya watu yamelala karakanani kwangu bila gesi, na wenyewe wanapiga simu, sipokei. Kila simu ikiita naruka!

Alhamisi, 13 Machi

Tangu asubuhi pumzi za Kaka zimebadilika. Zinakuja, zinasimama. Zikisimama na sisi tunasimama.

Nimemwambia Dada mbele ya Shemeji: hakuna ndege. Binti anajua baba yake ana mafua. Niliwadanganya. Shemeji akakaa chini, sakafuni kabisa. Dada akanyanyua mkono. Nikajua ni kofi, nikaliandalia shavu. Mkono ukanitua begani, ukabaki hapo. Akasema: piga. Halafu akavuta ncha za kilemba akaziba masikio.

Binti kapokea kwa furaha yake ileile. Nikamwambia mwanangu, usicheke kwanza. Kaa. Nikalisema. Maneno yale kama yalivyokaa ubaoni. Sikutia chumvi hata punje.

Nikafikiri simu imekatika. Kisha ikaja sauti, si maneno, kama mtu aliyekanyagwa. Kisha maswali, mbiombio. Nikakamata "lini". Nikakamata "kwa nini hukuniambia". Nikajibu njoo, sasa, njoo sasa, njoo. Mwishowe akasema polepole, kama anavyotusemesha Mwalimu: weka simu sikioni mwa baba.

Ndivyo tulivyo muda huu. Niko ukingoni mwa kitanda. Mkono wa kushoto umeshika simu sikioni mwa Kaka, wa kulia unaandika hapa gotini, maana nisipoandika nitapiga ukelele. Binti anasema, anasema. Kiingereza cha kasi, cha machozi, kinanipita kama maji ya mfereji. Nimepata "dadi". Nimepata kitu kuhusu ndege na kitu kuhusu kesho. Sina hakika kasema atapata au kasema hapati. Kidole cha Kaka kinatembea juu ya shuka, kinakwenda, kinarudi.

Shemeji ananinong'oneza: anasemaje? Anakuja? Dada kaondoa kilemba masikioni, naye anangoja. Wote wananitazama mimi, mwenye Kiingereza.

Na jibu ninalo! Zuri, limenijaa mdomo mzima. Lina tiketi, lina kiti cha dirishani, linatua kesho alfajiri na mapema.

Kaka amefumbua jicho moja. Halitazami simu. Linanitazama mimi.