Ratili 1,260 Zilizopotea Tanurini

CHAMA CHA WACHOMA CHOKAA, KINONDONI

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumapili, tarehe 18 Julai, 1954, katika kiwanda cha mhunzi Polikarpo, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi.

Waliohudhuria:
Mzee Jamali bin Salehe – Mwenyekiti
Bw. Mwishehe Pazi – Mweka Hazina na msimamizi wa kuni
Bw. Marselino Nampoto – Mchomaji
Bw. Polikarpo – Mjumbe, mwenye kiwanda
Bw. Wilbert Mchopa – Katibu

Mwalikwa: Mwalimu Shirinbai Rahemtulla

Hakuhudhuria: Bw. Sefu Kibwana. Alituma neno kwamba amefiwa na mkwe, kwa mara ya pili mwaka huu. Udhuru haukupokewa.

KUMB. NA. 1/54: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwataka wajumbe waseme kwa zamu, bila kukatana maneno. Agizo hilo liliheshimiwa kwa muda wa dakika tano.

KUMB. NA. 2/54: UPUNGUFU WA MZIGO
Mweka Hazina alieleza kwamba miaka yote chama kilikuwa kikipima mawe kwa macho na chokaa kwa debe, na hakuna aliyenung'unika. Mwezi huu mizani ilinunuliwa. Mawe ya matumbawe ratili 3,000 yakaingia tanurini, na chokaa iliyotoka ikawa ratili 1,740. "Ratili elfu moja mia mbili na sitini zimeota mbawa?" aliuliza. Aliongeza kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na alisema hivyo huku akimtazama Bw. Marselino, aliyelala tanurini siku zote nne za moto. Alitoa hoja kwamba Bw. Marselino afukuzwe chamani na apelekwe kwa Liwali kwa wizi.

Bw. Marselino alijibu: "Mie mawe nimeyapokea, moto nimeutia, chokaa nimeitoa. Sijauza hata kopo." Alipoulizwa basi uzito umekwenda wapi, alisema hajui.

Katibu aliuliza mtu mmoja angebebaje mzigo wote huo peke yake. Mweka Hazina alijibu kwamba mwizi habebi mara moja, na kwamba kazi ya Katibu ni kuandika. Imeandikwa.

KUMB. NA. 3/54: KUPIMA MIZANI, KISHA KUPIMA JIWE
Mwalimu Shirinbai, anayefundisha sayansi katika sekondari ya wasichana mjini, alialikwa kwa sababu baba yake ndiye aliyetuuzia mizani. Aliikagua kwa mawe ya mizani aliyokuja nayo, akasema ni nzima. Kisha akauliza kama kuna mjumbe aliyewahi kupima jiwe lilelile kabla ya kuchomwa na baada ya kuchomwa.

Hakuna aliyewahi. Mwenyekiti alisema amechoma chokaa miaka thelathini na swali hilo halijawahi kumpitia kichwani. Alionekana kukereka, halafu akaonekana kufurahi, akaamuru lipimwe papo hapo.

Wakia 25 za matumbawe makavu zilivunjwa vipande vya ukubwa wa korosho, zikatiwa katika chungu cha chuma, na Bw. Polikarpo akavukuta. Bw. Mwishehe aliomba asimame mwenyewe kando ya moto ili mtu asichomoe kitu. Alikubaliwa, na nyusi zake ziliungua kidogo.

Baada ya saa moja mizani ilionyesha wakia 19. Baada ya saa mbili, 15 na nusu. Baada ya saa tatu, 14. Wajumbe walidhani kazi imekwisha, lakini Mwalimu alirudisha chungu motoni kwa nusu saa nyingine, akapima tena: 14 zilezile. Alieleza kwamba huwezi kusema jiwe limeiva mpaka uzito ugome kushuka.

Bw. Mwishehe aliulizwa nani kaiba wakia 11 mbele ya macho yake. Aliomba maji ya kunywa.

KUMB. NA. 4/54: ULIKOKWENDA UZITO
Mwalimu alieleza kwamba uzito haufi. Uliotoka kwenye jiwe umekwenda hewani, kwa kuwa ndani ya jiwe imefungwa hewa, na moto huifungua. Bw. Polikarpo alipinga, akasema hewa haina uzito, ingekuwa nayo tungepinda migongo.

Mwalimu alikoroga chokaa kidogo katika maji, akayaacha yatulie hadi yakawa maangavu kama ya kisimani, akampa Mwenyekiti bua la jani la mpapai apulize ndani yake. Maji yalichafuka yakawa kama tui. Mwalimu alisema pumzi ya mtu ina hewa ileile iliyotoka kwenye jiwe, imekutana na chokaa, na ule uchafu mweupe ni jiwe limerudi. Mwenyekiti alipuliza tena. Wajumbe wote walitaka kupuliza, na kikao kilisimama kwa muda ambao Katibu hakuupima, kwa kuwa naye alikuwa foleni.

Ndipo Mwalimu akaomba punje za mahindi. Alisema kila kitu kina chembe zake, na kila chembe ina uzito wake usiobadilika: kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni 16, na katika jiwe hili oksijeni ziko tatu. Mwenyekiti alihesabu punje: 40, na 12, na 48, zikawa 100. Hewa inayotoka huchukua kaboni moja na oksijeni mbili. Mwenyekiti aliondoa 44, akabaki na 56. Alihesabu upya, zikabaki 56.

KUMB. NA. 5/54: HESABU YA TANURI
Katibu alipiga hesabu: ikiwa 100 hutoa 56, ratili 3,000 hutoa 1,680. Bw. Marselino alileta 1,740. Kwa hiyo hakupunguza, bali amezidisha ratili 60.

Mweka Hazina alisema basi hiyo nayo ielezwe. Mwalimu alisema swali ni zuri. Mawe makubwa ya mzigo ule yaliletwa kutoka tanurini, yakapasuliwa, na katikati yakaonekana mabichi: hewa haikutoka yote kwa kuwa moto haukutosha. Mwenyekiti aliuliza nani msimamizi wa kuni. Jina lipo mwanzoni mwa kumbukumbu hizi.

Iliamuliwa kwamba hoja ya kumfukuza Bw. Marselino ifutwe. Bw. Mwishehe alimpa mkono na kusema, "Ndugu yangu, nimekukosea." Bw. Marselino aliupokea.

KUMB. NA. 6/54: MENGINEYO
Bw. Marselino aliomba nafasi ya kusema. Alieleza kwamba mwaka 1943 alichoma chokaa na mdogo wake, Fransis, katika shamba moja la mkonge upande wa Lindi. Msimamizi wa shamba alipima, uzito ukapungua karibu nusu. Yeye Marselino akamwonyesha kidole mdogo wake mbele ya watu wote. Fransis alipigwa na kufukuzwa. Hawajasemezana tangu siku ile.

Aliomba Katibu amwandikie barua ya kwenda kwa Fransis. Katibu alitoa karatasi, akauliza aanze na salamu gani.

"Anza na hesabu," alisema Bw. Marselino. "Mia, toa arobaini na nne. Salamu atanipa mwenyewe, akitaka."

Barua iliandikwa hapo hapo, wajumbe wakingoja. Stempu ilitolewa na Bw. Mwishehe.

Wajumbe walitawanyika saa kumi kasorobo alasiri.

(Sahihi) Jamali bin Salehe, Mwenyekiti
(Sahihi) W. Mchopa, Katibu