Uzi Mwekundu kwenye Soksi za Bwana

Jumatatu, 1 Julai 1912
Baridi kali. Mlima Meru umejifunika tangu asubuhi. Bibi wa misheni ametugawia sufu ya kondoo wa mzungu mmoja mwenye shamba. Tusokote wenyewe, tufume soksi za mumewe, Bwana mchungaji. Atakayewashinda wengine atafundisha wasichana kufuma. Mwalimu! Ni mimi tu. Nashipae kaja juzi kutoka Oldonyo Sambu, hata kushika sindano alikuwa hajui.

Alhamisi, 4 Julai
Uzi wa Nashipae hauna hata fundo. Wangu mnene hapa, mwembamba pale. Na sasa anafuma soksi za vinundu, safu kwa safu kama shanga za kwao, kutoka juu mpaka chini ya unyayo. Bibi kazishika, hataki kuziachia. Zangu hata hakuzigusa! Nilimwuliza Nashipae kajifunzia wapi. Akacheka — mikono yenyewe inajua, Hanna. Mikono yenyewe! Namchukia. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 6 Julai
Nimefanya. Kila mmoja hushona alama, uzi wa rangi yake, ndani ya soksi, pale juu. Wangu mwekundu, wake wa buluu. Wenzangu walipokwenda mtoni nikafumua nyuzi hizo, nikazibadilisha.

Jumatatu, 8 Julai
Bibi aligeuza zile za vinundu, akaona nyekundu. Hanna! Akanishika bega mbele ya wote. Mwalimu ni mimi! Nashipae akazitazama soksi, akanitazama. Bwana kazivaa palepale, buti juu yake, safari ya Oldonyo Sambu kwa miguu.

Ijumaa, 12 Julai
Kaanaeli, mhubiri aliyefuatana na Bwana, katangulia kurudi na soksi. Zina damu. Bwana anabebwa, nyayo zote malengelenge. Vile vinundu ndani ya buti! Nani angejua? Kati yetu nani amewahi kuvaa kiatu?
Bibi alitukusanya, akauliza za nani. Nyekundu inaonekana kabisa.
Nashipae akasimama. "Ni zangu, Bibi."
Bibi akautazama uzi, akanitazama mimi. Kasema twende kwake sote wawili, baada ya kengele.
Hata kwenye kosa kanishinda! Kosa ni lake kweli, na bado naona wivu.
Kengele inalia. Nashipae yuko mlangoni, kanishikia shuka langu.
"Twende, dada," anasema.