Nguchiro Hana Akili ya Kurudi Nyuma

Bakari,

Salamu nimeshakutolea makaburini, mbele ya watu, kwa adabu zake zote. Hapa sikutolei nyingine. Imamu anasema kinachokufikia huko ni dua na sadaka, na mimi simbishii imamu. Lakini nina hasira, na hasira haitiwi kwenye dua. Ndipo nikachukua karatasi. Naandika kwa mkono wangu, herufi moja moja, sikuandikiwa na mtu. Wewe hata jina lako ulikuwa ukiliwekea kidole gumba, kwa hivyo hapa nimeshakushinda kabla hatujaanza.

Kwa nini mimi, Bakari?

Pate nzima imejaa jamaa zako. Una mtoto Mombasa. Una shemeji wawili hawana kazi. Ukawaacha wote ukaninyooshea kidole mimi, jirani yako, niliyegombana nawe umri mzima juu ya kuku wako, wakivuka ukuta kila asubuhi kuja kuuchakura mchicha wangu. Ukasema mbele ya mashahidi, sauti yenyewe imebaki ya kuazima: "Kuku wangu ni amana kwa Shee." Halafu ukacheka. Nilikuona. Watu wakadhani ni maumivu.

Amana ya mtu anayekufa haikataliwi. Ulijua, wewe mui.

Tulipokwisha kukuzika, mwanao Athmani akataka kuku watindwe, wapikiwe watu wa khitma. Nikasimama mlangoni na fimbo. Nikamwambia, "Tinda mbuzi, tinda ng'ombe, ukitaka nitinde mimi. Hawa ni amana." Akasema, "Mzee, si ni kuku tu?" Kuku tu! Kuchi wale, shingo ndefu, miguu ya kutembea kama wenye nti na bahari yake, mbegu aliyoiwacha babu yako. Lakini mtu anayekula kuku wa friji atajua nini?

Nikawachukua. Nikawajengea kizimba cha nje, kipana, watembee.

Hapa unisikilize vizuri. Katika kisiwa hiki hakuna anayesuka lema kama mimi. Samaki akiingia katika mtego wa Shee, atatokea kwenye sufuria. Mlango mpana nje, mwembamba ndani, ncha za fito zote zimetazama ndani: kuingia ruhusa, kutoka hakuna. Nikasema, kuku ni nini mbele ya fundi kama mimi? Nikasuka ukuta wa fito za mkoko, juu nikatandika jarife kuukuu, ule wavu wa papa, kwa ajili ya mwewe na kunguru. Na mlango nikauweka wa lema. Kuku wakichoka kuzurura watajisukuma wenyewe waingie, wasitoke tena, na mchicha wangu utapona. Kazi safi, Bakari. Watu walikuja kuitazama.

Adhuhuri moja nikaenda msikitini. Niliporudi nikasikia kimya. Kuku wako hawakujua kunyamaza hata siku unatiwa sandani. Nikainama nichungulie. Manyoya. Damu kwenye fito. Wamelala wote, na jogoo naye, yule mwekundu uliyemwita Kadhi, shingo imeng'olewa. Na katikati yao amekaa nguchiro, mzima. Aliingia kwa mlango wangu, akashindwa kutoka kwa mlango wangu. Akanitazama kama mgeni anayengoja chai.

Nilipomwendea na fimbo akachimba mchanga pale pale chini ya ukuta, akapita, akaenda zake mbele ya macho yangu.

Barazani wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Shee amevua nguchiro!" Mmoja akanambia, "Lakini chambo chako ghali, bwana." Wao wanacheka, mimi nina manyoya ya Kadhi mkononi. Niliwatukana wote, hata wale ambao hawakucheka. Nikaja kaburini kwako. Nikayachomeka manyoya ya Kadhi mchangani, nikarudi.

Akabaki mmoja. Yule mtetea mweusi, mkali, alikuwa amelalia mayai chini ya kitanda changu, kwa kuwa alikataa kutoka na mimi nikachoka kubishana naye. Basi amana yako yote ilikuwa chini ya kitanda, inanidonoa kila nikitafuta viatu.

Habari ikafika Mombasa. Athmani akapiga simu. "Mzee wangu, umejaribu, imeshindikana. Nitakuja nimchukue huyo aliyebaki na mayai yake. Huku watu wanafuga kisasa." Mimi niambiwe imeshindikana! Nikamwambia aje, atanikuta.

Nikaenda kumwomba radhi mkeo. Bi Rukia yumo edani, alinijibu kutoka nyuma ya pazia. Nilidhani atalia. Akasema, "Bwana Shee, marehemu alikuwa akisema wewe na nguchiro ni ndugu. Nguchiro akifika ukutani, hapo hapo atachimba. Akikuta jiwe atachimba, akikuta chuma atachimba, mpaka kucha zimtoke. Hana akili ya kurudi nyuma hatua moja."

Kumbe ndivyo ulivyokuwa ukinisema, umeshiba kahawa yangu! Mimi, nguchiro! Nilitoka pale nimevimba, natembea nakutukana kwa jina lako na la babako. Na katikati ya ndia nikasimama. Kwa sababu ulikuwa umeshanambia, mshenzi wewe, Mungu akurehemu, namna ya kujenga.

Nikaagiza waya wa macho madogo, hata kidole gumba hakipiti. Ukashushwa gatini Mtangawanda, ukaletwa kwa punda. Nikauzungusha kwenye boriti, ukashuka mpaka chini, na hapo chini sikuukata. Niliukunja, ukalala kwa nje, upana wa dhiraa moja kuzunguka kizimba chote, nikaufukia kwa mchanga na mawe. Anayechimba ukutani anachimba juu ya waya. Akitaka kuukwepa, lazima arudi nyuma. Mlango ni wa ubao, makomeo mawili, juu na chini. Ule wa lema nimeutia moto.

Mikono yangu ilikataa, Bakari. Umri wangu wote nimesuka kwenda ndani. Kukunja kwenda nje ilikuwa kama kuandika kwa mguu. Nikakunja.

Mayai yakaanguliwa. Vifaranga wanatembea na mama yao kizimbani, na mmoja mwekundu ameshaanza ubishi. Na jana nguchiro akaja, jua la utosi. Nikakaa juu ya ukuta wa kati yetu na fimbo, sikuinyanyua. Akachimba: waya. Akasogea kando, akachimba: waya. Akazunguka kizimba kizima amebanana na ukuta, anachimba, anapiga chafya ya mchanga. Hakurudi nyuma hata shibiri. Akaondoka.

Nikacheka! Nikageuka nikwambie, umeona? Pale ukutani nimekaa peke yangu.

Hapo ndipo hasira iliponipanda kweli. Nimekushinda na hukungoja kukiri. Utamuachaje mtu na ushindi mkubwa hivi, hana wa kumtambia?

Sawa. Athmani akija nitampa kahawa, awatazame kuku wa babake kutoka nje ya waya, kisha arudi alikotoka. Kuku wako hawatindwi kwa pilau ya mtu maadamu mimi ni hai. Na siku yangu ikifika nitamchagua mtu mbishi, nimnyooshee kidole mbele ya mashahidi, nimwachie amana. Halafu nitacheka.

Lala, mwenzangu. Ijumaa nakuja na Yasini, hasira nitaivua na viatu.

Mchicha umeota mpaka unakera. Hakuna anayeuvukia ukuta.

Mimi,
Shee, fundi wa malema, na sasa wa kuku