Mhimili wa Pembea Yetu

Tanga, karakana ya reli

Kwa mama yangu mzazi, Bi. Somoe, Kilwa Kivinje.

Shikamoo, Mama. Goti linaendeleaje? Na kile kikohozi cha mvua kimekuacha? Mimi mzima, nafunga na kufuturu vizuri, ila mafuta ya garimoshi hayatoki kwenye kucha hata nisugue kwa mchanga. Mwalimu Omari, wewe unayemsomea mama, nakuomba umwite ndugu yangu Selemani akae hapo, kisha usome kwa sauti bila kuruka neno. Nimekasirika, na sitaki hasira yangu ipunguzwe njiani.

Juzi alifika Bakari muuza mikeka, katoka huko Kilwa. Hata hajatua mzigo, ananipongeza. "Mshamu, pembea yenu ya Idd imekuwa mpya! Selemani kaipaka rangi nyekundu ya forodhani, inang'aa mpaka raha."

Nikamuuliza, "Na mhimili?"

"Uleule wa marehemu baba yenu. Siku ya kuzaliwa Kaiza ulilia ukapasuka kidogo, lakini Selemani kauziba kwa lami, kapaka rangi juu. Huoni kitu."

Huoni kitu! Nilitupa randa chini, mafundi wenzangu wakageuka wote.

Selemani, nani alikutuma? Najua, utasema boma la Wadachi liliamuru, na kweli boma haliombi. Wametuchukulia baba kubeba mizigo ya vita vyao, hakurudi, hata kaburi hatulijui. Sasa wakataka na pembea yake iwachezeshe siku ya kuzaliwa mfalme wao! Bakari kasema askari walipanda wawili wawili na mabuti yao, wanapiga kelele zungusha, zungusha, katika visanduku vya kukalia vilivyopimwa kwa watoto. Hapo sikulaumu. Nakulaumu kwa lami. Ufa unaoonekana, mtu anauogopa. Wewe umeuficha kisha unaita watu waje kupanda.

Nawe Mama, niwie radhi, hasira yangu na kwako imefika. Bakari kaniambia Selemani alitaka kuutoa mhimili, ukaukumbatia ukasema, "Huu ndio mkono wa baba yenu uliobaki, hautoki hapa." Mama, lini baba alikiacha kitu kwenye pembea ile kikazeeka? Alipoirithi kwa babu ilikuwa kamba na ubao tu. Yeye ndiye aliyesimamisha nguzo mbili na mhimili katikati, akaning'iniza viti vinne. Mtoto wa jirani alipoteleza, viti vikawa visanduku. Kamba zilipolika, akaweka pini za chuma. Kila Ramadhani inapokwisha tulikuwa tunaifungua yote, anagonga kila mti kwa nyundo, sikio karibu, na mti uliojibu vibaya ulikwenda jikoni kwako siku hiyohiyo. Umepikia pembea mara ngapi, Mama? Baba hakulia hata kwa mti mmoja.

Halafu mnataka kuzungusha tena Idd hii, na ada yetu mnaijua. Mtoto wa mwenye pembea hupanda wa kwanza, watu waone kwamba fundi anaiamini kazi yake. Mwaka huu ni Zuhura wa Selemani, ana miaka sita, kashonewa gauni. Bakari kanieleza mpaka rangi ya gauni.

Sasa nitasema neno ambalo nilipaswa kulisema zamani. Mhimili ule si kazi ya baba. Niliuchonga mimi. Nilitoboa tundu la pini mahali pasipo pake, nikaliziba kwa nta na unga wa mbao, nikapiga msasa nikanyamaza. Baba aligonga mara moja tu akajua. Nilingoja kofi, lakini alicheka. Akasema, "Utatufikisha Idd mbili. Ya tatu hapana." Kisha akachukua patasi akachonga nyota yake juu ya tundu lile, ili mafundi wa mjini wasinicheke. Nyota hiyo ndiyo unayoipapasa kila siku, Mama. Chini yake pana nta yangu.

Idd mbili zilipita, nikaja huku Tanga. Vita vikaingia, baba akachukuliwa kabla hajaubadili. Na mimi nikaona aibu kuandika. Kwa hiyo Selemani naye alifanya nililofanya mimi, ila mimi nilikuwa na baba wa kugonga.

Mama, uangushe mhimili huo leo, usingoje kesho. Bwana misitu akikataa hati ya kukata mti mpya, basi Idd hii watoto wacheze chini. Upasuliwe mbele yako, uone nta kwa macho yako, kisha uupikie wali wa Idd kama ulivyozoea. Kipande chenye nyota kiweke, hicho ndicho cha baba.

Nisalimie shangazi wa Mitole, na mke wa Selemani, umwambie sina ubaya na mumewe. Nisalimie majirani wote wanaokuchotea maji. Zuhura mwambie baba yake mkubwa anakuja na mhimili mpya begani, na siku hiyo wa kwanza kupanda nitakuwa mimi.

Ni mimi mwanao,
Mshamu, aliyeziba tundu.