Sauti Ndani ya Flashi

Chome, 4 Machi 2024

Dada Rahabu,

Shikamoo. Natumaini huko Same mmeamka salama na mguu wako umepata nafuu. Sisi wazima, baridi tu inatunyanyasa.

Naandika kwa sababu kwenye simu ningeshindwa kulisema. Ile flashi aliyoniachia marehemu Careen, yenye mfumo wa bure wa kuwashia na kuendeshea kompyuta, nimeinakili nikawagawia wanafunzi wangu thelathini. Ndivyo alivyotaka mwanao: mtu asinunue, na aliyepewa ana ruksa ya kumpa mwenzake. Sikujua kwamba alijirekodi. Kompyuta ikiwaka tu, anasema, "Karibuni, tuanze." Zikiwaka kumi pamoja, darasa zima linakuwa yeye. Leo nimetoka nje nikalia.

Mdogo wako,
Hezroni

Same, 20 Machi 2024

Mdogo wangu Hezroni,

Marahaba. Mguu unaendelea vizuri.

Barua yako imeninyima usingizi. Kwa nini watoto wa watu wamsikie, mimi mama yake nisimsikie? Simu yake ilipotea msibani, sina sauti yake hata moja, na nimeanza kuisahau. Hilo linanitisha kuliko kaburi lake huko Chome, ambalo unajua sijathubutu kurudi kuliona. Pasaka nakuja. Usiiguse hiyo sauti.

Dada yako,
Mama Careen

Chome, 25 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Sijui hata nianzeje kukujulia hali.

Barua yako imenikuta nimeshaiondoa. Wazazi walikuja juu, wakasema marehemu anawaita watoto wao. Mkuu wa shule akaamuru. Nilikusanya flashi zote nikazifuta, na ile ya kwanza pia, kwa haraka ya kijinga. Imebaki moja tu, ya Beatha, binti aliyehamia Kisiwani kabla sijazikusanya. Nisamehe, dada.

Mdogo wako,
Hezroni

Same, 2 Aprili 2024

Hezroni,

Marahaba. Hasira nilikuwa nazo, zimeisha.

Pasaka nilikwenda Kisiwani. Beatha alikuwa ameshawanakilia wenzake wanne. Alinipa kiti, akawasha kompyuta, nikamsikia mwanangu. Nikamwambia arudie. Tulirudia kama mara ishirini, hadi nikaanza kusikia kilichokuwa nyuma yake: mwanamke anafoka jikoni, "Careen, zima hicho kidude uje ule!" Ni mimi, Hezroni. Uliisikia, ukaninyamazia.

Naikumbuka siku ile. Nilimwambia kompyuta zake hazitamlisha mtu. Kumbe alikuwa anawarekodia wanafunzi wako. Inaniuma.

Beatha anasema fundi anaweza kuitoa sauti yangu, ibaki ya mtoto peke yake. Nimekataa. Nakutumia nakala pamoja na barua hii. Wawekee wanafunzi wote kama alivyotaka. Hao wazazi nitapanda Chome niongee nao mwenyewe, na kaburini nitafika. Mimi niache humo humo, nimwite kila asubuhi.

Dada yako,
Mama Careen